Waliohesabiwa na Wasiohesabiwa: Tanga, Novemba 1914

Katika miji yote ya mwambao wetu, tangu Kilwa na Mombasa zilipotekwa na Wareno mwaka 1505 hata Unguja ilipopigwa mizinga na manowari za Waingereza mwaka 1896, katika vita ambavyo havikutimiza saa moja, sidhani kama upo mji uliopata kuteremshiwa jeshi kubwa kutoka baharini kama Tanga ilivyoteremshiwa mwanzoni mwa Novemba 1914, wakati merikebu zilizosheheni askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi zilipotokeza mbele ya ghuba yake, na jemadari wao akiwa na yakini kwamba mji ule ungetwaliwa bila ya upinzani wa maana. Yaliyofuata yamesimuliwa mara nyingi, na aghalabu husimuliwa kwa kucheka: jeshi kubwa lafukuzwa na jeshi dogo, watu wazima wenye bunduki wakimbizwa na nyuki, jemadari arudi Mombasa na fedheha yake. Sikatai kwamba kichekesho kimo, maana kiburi kikianguka huchekesha popote pale. Lakini mimi katika habari hii huvutwa zaidi na daftari lililoandikwa baada ya kicheko kwisha, yaani hesabu ya roho zilizopotea: ilivyopigwa, na nani aliyeingizwa ndani yake kwa jina, nani kwa tarakimu tupu, na nani asiyeingizwa kabisa.

Tanga ya mwaka ule haikuwa kijiji cha wavuvi. Hapo ndipo ilipoanzia reli ya Usambara, ambayo ilikuwa imekwisha kufika Moshi. Bandarini mwake ilipakiwa katani na mpira wa mashamba ya walowezi. Na skuli yake ya serikali, iliyokuwa mashuhuri katika koloni nzima ya Wajerumani, ilikuwa ikipiga chapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, likasomwa na makarani, maakida na walimu hata bara ya mbali. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu ni ajabu kwamba katika mji uliokuwa na kalamu nyingi kiasi kile, karibu yote yanayosimuliwa vitabuni juu ya siku zile yametoka katika kalamu za maafisa wa Kizungu. Kusini ya mji, katika kijiji cha Vibambani, alikuwapo mtoto wa miaka mitano aliyeitwa Shaaban bin Robert. Alipokuwa mtu mzima alitunga utenzi mrefu juu ya vita, lakini vita alivyovitungia vilikuwa ni vile vya 1939 hata 1945, si hivi vilivyopiganwa karibu na mlango wa nyumba yao.

Vita vya Ulaya vilipozuka Agosti 1914, gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, hakupenda koloni yake iingizwe katika ugomvi ule, na manowari za Kiingereza zilipofika Dar es Salaam na Tanga palifanywa mapatano kwamba bandari zile zisipigwe madhali Wajerumani hawatazitumia kwa vita. Serikali ya London haikuyaridhia mapatano hayo, walakini hakuna aliyewaambia Wajerumani kwamba yamebatilika. Na ndiyo maana Kapteni Caulfeild wa manowari Fox, alipowasili mbele ya Tanga asubuhi ya tarehe 2 Novemba, aliona ni wajibu wa mtu muungwana kuwaarifu kwanza kuwa ahadi imekwisha. Mkuu wa wilaya, Dakta Auracher, aliitwa melini, akatakiwa ausalimishe mji, akapewa muda wa kushauriana na wakubwa wake, na juu ya hayo akaulizwa kama bandari imetegwa mabomu ya majini. Swali gani hilo la kumuuliza adui! Auracher alirudi pwani, akapeleka habari kwa simu, akavaa nguo za kiaskari, na Caulfeild hakumwona tena. Siku ile ikapotea katika kulikokota lindi la ghuba kutafuta mabomu ambayo hayakuwapo, na saa zile zilizopotea ndizo zilizompa adui nafasi ya kuwaleta askari wake kwa gari-moshi kutoka upande wa Moshi.

Wala si kwamba siri ilikuwa bado siri. Msafara ule ulikuwa umetoka Bombay tarehe 16 Oktoba, ukaenda mwendo wa pole kuvuka bahari, na habari zake zilikuwa zimekwisha kumfikia kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, kwa njia ya barua zilizonaswa. Jemadari wa msafara, Arthur Aitken, alipopewa rai huko Mombasa kwamba achukue askari wa King's African Rifles, walioijua nchi na namna ya kupigana vichakani, wamtangulie katika kushuka, aliikataa. Aliowachukua walikuwa watu walioshinda zaidi ya majuma mawili ndani ya merikebu katika joto na kichefuchefu: Warajputi, watu wa milima ya Kashmir, watu wa Gwalior, watu wa kusini ya Bara Hindi wa kikosi kilichoitwa Palamcottah, na kikosi kimoja tu cha Waingereza kutoka Lancashire. Wengi wao hawakupata kufanya mazoezi pamoja, wengine walikuwa wamepewa bunduki za namna mpya muda mfupi tu kabla ya kupakiwa, na kila kabila lilikuwa na dini yake na miiko yake ya chakula, jambo ambalo katika merikebu iliyojaa pomoni si dogo hata kidogo. Mtu akitaka kujua mauti ya Tanga yalianzia wapi, asianze kwenye risasi ya kwanza. Aanze kwenye majuma yale mawili.

Walishushwa usiku wa kuamkia tarehe 3, si bandarini bali Ras Kazone, ile rasi iliyo mashariki ya mji, kiasi cha kilometa 3 kutoka katika majumba ya kwanza. Matishari na mashua hazikuweza kufika nchi kavu, kwa hiyo askari, kila mmoja na mzigo wake na bunduki ameinyanyua juu ya kichwa, walijitosa majini, wakakanyaga matope na mizizi ya mikoko kwa viatu vya nchi kavu, kisha wakapanda jabali kwa kushikana mikono hata wakafika juu kwenye jumba jekundu lililochaguliwa kuwa alama yao. Mwenyeji yeyote wa pwani angewaambia kwamba pale si mahali pa kushukia watu kwa maelfu. Lakini mwenyeji hakuulizwa. Alfajiri yake vikosi viwili tu, kimoja cha Warajputi na kimoja cha mafundi wa barabara, viliamrishwa na Brigedia Tighe viuendee mji bila ya kungoja wenzao. Wajerumani walikuwa na kampuni moja hivi ya askari, imejificha nyuma ya tuta na handaki la reli. Ilipotimia saa nne ya asubuhi watu kiasi cha 300 wa vikosi vile viwili walikuwa wameuawa au kujeruhiwa, na waliosalia walikuwa wamekwisha kurudi rasini, wakiwakuta wenzao ndio kwanza wanatoka majini.

Usiku uliofuata Lettow-Vorbeck mwenyewe aliwasili kwa gari-moshi, akapanda baiskeli, akaingia Tanga. Kwa maelezo aliyoyaacha katika kitabu chake, mji ulikuwa hauna mtu. Mbalamwezi ilikuwa iking'aa juu ya kuta nyeupe za majumba ya Wazungu, na kutoka pwani aliziona merikebu za adui zimewasha taa zote, shughuli na kelele tele, naye akasikitika kwamba hakuwa na mzinga wowote wa kuzipiga. Taswira hii ya kamanda juu ya baiskeli imewapendeza sana waandishi wa Ulaya, nao hawachoki kuirudia. Mimi huulizia neno lile la kwanza, kwamba mji haukuwa na mtu. Watu wa mtaa wa Ngamiani na wa vijiji vilivyouzunguka mji, wanawake na watoto wao, wazee, wagonjwa, wenye maduka ya Kihindi ambao mfalme wao alikuwa ndiye huyo aliyeleta merikebu, walikwenda wapi usiku ule, walilala wapi, walikunywa nini? Katika kitabu wamo kwa kukosekana kwao tu, kuwa ni kimya cha mji uliopendeza kutazamwa kwa mbalamwezi.

Vita vyenyewe vilikuwa tarehe 4. Aitken alikwisha kuwashusha karibu watu wake wote, na adui aliyewangoja alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao wakiwa Waafrika: Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani, watu waliofundishwa miaka mingi na ambao, tofauti na wageni wao, walikuwa wamekula na kunywa maji. Adhuhuri jeshi likaanza kujikokota kutoka rasini kuelekea mjini. Kati ya hapo na mji palikuwa na mashamba ya minazi, ya mpira na ya mkonge, na vichaka virefu ambavyo ndani yake mtu hawezi kumwona mwenziwe aliye hatua kumi mbele yake. Jua la Novemba lilikuwa utosini. Maji yaliyokuwa viribani yakaisha. Na mistari iliyopangwa kwa ramani ikaanza kupinda, wa kushoto wakivutika kulia, wa kulia wakisukumwa hata ukingoni mwa bahari. Wapo walioanguka kwa jua kabla hawajaisikia risasi. Walipofika karibu na mji, bombomu za Wajerumani zilizowekwa katika majumba ya kwanza na nyuma ya reli ziliwafyeka wale wa Palamcottah, ambao walivunjika na kurudi mbio, na kwa kurudi kwao wakaacha pengo lililowaangamiza jirani zao, askari wa 101 Grenadiers, ambao walipigwa ubavuni mpaka kikosi kikabaki bila ya maafisa.

Hata hivyo si wote walioshindwa. Watu wa Kashmir na wa Lancashire, wakiwa upande wa bahari, waliingia mjini, wakapigana nyumba kwa nyumba, wakaiteka hoteli kubwa ya Wajerumani na kuishusha bendera yake. Katika mapigano hayo ya majiani aliuawa Kapteni Tom von Prince, mlowezi wa Usambara na afisa wa zamani, yule ambaye miaka ya tisini ya karne iliyotangulia alipigana na Mkwawa wa Uhehe, na ambaye wenyeji walimwita Bwana Sakarani. Jina lake lingali likitajwa milimani Usambara, mahali palipokuwa shamba lake. Askari walioanguka pamoja naye katika majia yale nimewatafuta katika vitabu nisiwaone.

Kisha wakaja nyuki. Wenyeji wa mashamba yale walikuwa wametundika mizinga yao mitini, magogo yaliyochongwa ndani yakawa mapango, kama itundikwavyo hata leo, na risasi zilipoanza kuyapasua magogo yale nyuki walitoka kwa makundi wakawavaa watu bila ya kuuliza bendera. Baadaye ikavumishwa huko Uingereza kwamba Wajerumani walikuwa wameitega mizinga ile kwa kamba kuwa ni hila ya vita, nao ni uzushi, kwa kuwa nyuki waliwauma hata askari wa Kijerumani waliokuwa kwenye bombomu. Lakini anayecheka na atafakari hali ya mtu aliyekwisha kupigwa risasi ya paja au ya tumbo, amelala katikati ya mkonge, hawezi kusimama wala kukimbia, na wimbi lile limemshukia usoni. Watu walisikika wakipiga mayowe mahali ambapo hapakuwa na adui.

Alasiri, Lettow-Vorbeck aliona kwamba ubavu wa kushoto wa Waingereza haukufika mbali, akaitupa akiba yake huko, na jeshi zima likakunjwa kuelekea baharini. Ufukwe wa Ras Kazone jioni ile ulijaa watu waliovua mizigo yao, waliotupa bunduki, waliosimama majini hata shingoni wakingojea mashua. Na hapa pana kioja ambacho hakitajwi sana: usiku ule tarumbeta ya Kijerumani ilipigwa ikafahamika vibaya, vikosi vyao navyo vikatoka Tanga kurudi kambini magharibi, hata kwa saa kadhaa mji uliomwagiwa damu yote ile haukuwa mikononi mwa yeyote. Laiti Aitken angelijua, angeliingia kwa miguu na fimbo yake. Hakujua, alikuwa amekwisha kukata shauri la kuondoka.

Tarehe 5 waliosalia walipakiwa tena, na kwa kuwa jemadari alitaka waondoke upesi, mali ikaachwa ufukweni, na majeruhi wasioweza kuchukuliwa wakaachwa pia. Kapteni Richard Meinertzhagen, afisa wa upelelezi, alitumwa na bendera nyeupe kwenda kupatana juu yao, na pia kuomba radhi, kwa sababu manowari Fox ilipoupiga mji mzinga wake mmoja uliangukia hospitali, ambamo walilazwa majeruhi wa pande zote mbili. Wajerumani walimpokea kwa adabu, wakamlisha, wakazungumza naye juu ya vita vya jana kama watu waliocheza mchezo wakaumaliza; na maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa waliruhusiwa kwenda zao kwa kuahidi kwamba hawatapigana tena katika vita hivi. Sina sababu ya kuidharau huruma hiyo, maana iliokoa roho. Naliona tu lile lililokuwa dhahiri kwa kila mtu wa zama zile lisihitaji kuandikwa: ahadi ya heshima iliombwa kwa afisa, kwa kuwa afisa ndiye aliyehesabiwa kuwa na heshima ya kuweka rehani.

Ndipo hesabu zikapigwa. Waingereza waliandika hasara ya watu mia nane na ushei, na kati yao waliokufa walikuwa kiasi cha 360. Wajerumani waliandika waliokufa takriban 70, Wazungu 16 na waliobaki askari. Hesabu hizi husifiwa kuwa ni sahihi, nami sina la kuzipinga, ila nazitazama namna zilivyoandikwa. Mzungu aliyekufa Tanga, awe wa upande huu au ule, ana jina, cheo, na aghalabu mahali alikozaliwa. Mhindi ameandikwa kwa kikosi chake, na huko kwao jina lake limehifadhiwa, japokuwa mara nyingi maiti yake haikujulikana ililazwa wapi. Askari Mwafrika katika vitabu vya vita ni tarakimu inayofuata neno "na". Ama mtu aliyekuwa akilima muhogo wake nyuma ya Ras Kazone, ambaye shamba lake lilipitiwa na jeshi mara mbili, kwenda na kurudi, na mizinga yake ya nyuki ikapasuliwa, huyo hakuwa na safu katika daftari la yeyote.

Kama mambo yangeliishia hapo, Tanga ingekuwa msiba wa siku tatu, mdogo mbele ya misiba ya Ulaya ya mwaka uleule. Hayakuishia hapo, na sababu yake imo katika ile mali iliyoachwa ufukweni. Kabla ya Tanga askari wengi wa Lettow-Vorbeck walitumia bunduki za zamani za mwaka 1871, zilizotoa moshi mwingi wa baruti hata kila aliyepiga akajulikana alipo. Baada ya Tanga, kwa hesabu yake mwenyewe, alikuwa na bunduki mpya za kutosha kampuni tatu, bombomu 16, risasi laki 6, vyombo vya simu na nguo nyingi. Zaidi ya hayo alikuwa na sifa, na gavana aliyetaka amani hakuweza tena kumzuia. Miezi miwili baadaye, Januari 1915, alikwenda kuiteka ngome ya Jasini, mpakani karibu na mto Umba, na huko alikufa Raghbir Singh wa Kashmir, aliyekuwa mkuu wa ngome ile, na kwa Wajerumani walikufa maafisa kadhaa na zikatumika risasi laki 2. Lettow-Vorbeck alifanya hesabu yake: vita vya namna ile angeliweza kupigana mara chache tu, halafu baruti ingekwisha. Tokea hapo akaazimia asipigane vita vikubwa vya kukabiliana, bali atembee, akimvuta adui nyuma yake kutoka Kilimanjaro hata Rufiji, kutoka Rufiji hata Ruvuma, akaingia Msumbiji, akarudi, asisalimu amri mpaka tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, majuma mawili baada ya Ulaya kunyamaza. Tanga yenyewe ilitwaliwa na Waingereza Julai 1916 karibu bila ya kupigana, jambo linalomfanya mtu aulize wale wa Novemba 1914 walikufa kwa ajili gani.

Jeshi linalotembea miaka minne katika nchi isiyo na barabara, ambamo mbung'o huua farasi na ng'ombe, huchukuliwa na vichwa vya watu. Waingereza peke yao waliwatia katika kazi ya upagazi watu wapatao milioni moja kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasa na kwingineko, na katika Kenya palitungwa sheria mwaka 1915 ya kuwashika kwa nguvu waliokuwa hawataki. Wapagazi waliokufa na kuandikwa ni kiasi cha 95,000, nao kwa sehemu kubwa hawakuuawa na risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa ya mapafu na malaria, na kwa chakula: mtu wa ndizi au wa mtama alipewa unga wa mahindi ambao haukusagwa vizuri, naye baada ya kutwa ya mzigo, mvuani, bila ya kuni kavu wala sufuria ya kutosha, akaula ukiwa nusu mbichi, na matumbo yake yakakatika. Madaktari waliliona hili mapema, wakaliandika, na likachukua muda mrefu kurekebishwa. Kwa upande wa Wajerumani hata hesabu ya namna hiyo haikuwekwa. Daktari wao mmoja, Ludwig Deppe, aliyefuatana na Lettow-Vorbeck, alikiri baada ya vita kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyokombwa na njaa iliyokuwa inakuja. Na njaa ilikuja. Katika Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana, mvua nazo zikakosa, njaa iliyoitwa Mtunya iliua watu wanaokadiriwa kuwa 30,000, na waliookoka wakakutana na homa ya mafua ya 1918.

Siwezi kudai kwamba kila roho ya Ugogo iliuawa na risasi zile laki 6 za Ras Kazone. Historia haihesabiki hivyo, na huenda Lettow-Vorbeck angelipata silaha kwa njia nyingine, kwani ziko merikebu mbili za Kijerumani zilizowahi kupenya na kumletea shehena. Lakini ni vigumu kuusoma mwaka wa 1917 bila ya kuuona ufukwe ule wa Tanga, na masanduku yaliyotelekezwa kwa haraka ya watu waliotaka kupanda mashua.

Baada ya vita Tume ya Kiingereza ya Makaburi ilianza kazi yake, ambayo kanuni yake, iliyotangazwa kwa fahari, ilikuwa kwamba kila aliyekufa aandikwe jina lake, bila ya kubaguliwa cheo wala rangi. Katika Afrika Mashariki kanuni ile ilipindishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 afisa wa Tume aliandika, baada ya kupata rai ya serikali ya Tanganyika, kwamba Gavana Horace Byatt alionelea makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na ya penginepo, yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo, na kwamba hakupenda hata kuitafakari idadi ya Waafrika waliopotea. Badala ya majina yakasimamishwa masanamu. Lile la Dar es Salaam, la askari wa shaba aliyeielekeza bunduki yake bandarini, lilizinduliwa mwaka 1927 mahali palipokuwa zamani na sanamu ya Mjerumani Wissmann, na lina maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanayowaambia waliokufa kwamba watoto wao watawakumbuka majina yao. Nalo halina jina hata moja. Sanamu yenyewe ni nzuri, siisemi kwa ubaya, na watu hupeana ahadi za kukutana chini yake kila siku. Mwaka 2021 warithi wa Tume ile walichapisha ripoti ya kukiri na kuomba radhi, wakasema kwamba wafu wasiopungua 116,000, na yamkini hata 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Lipo pia jambo la fedha. Mpagazi alipofariki, aghalabu alikuwa anadai mishahara yake ya miezi. Na kwa kuwa warithi hawakujua kwamba kuna cha kudai, wala hawakutafutwa kwa bidii, mishahara ile ilibaki serikalini, ikawa jumla kubwa. Kwa miaka mingi maafisa wachache waliokuwa wakiwajua watu wale, na baadhi ya wamisionari, walishikilia kwamba fedha hizo si za serikali, na kama wenyewe hawaonekani basi zitumike kwa manufaa ya makabila yaliyowatoa. Shauri lilikwenda London likarudi, likaenda tena. Mpaka miaka ya 1930 lilikuwa lingali mezani, na tume ya ardhi ya Kenya ilipoliunga mkono, Hazina ya Uingereza ilijibu kwamba haitalipa.